Pampu ya Akiba ya Shangazi

Hivi kwenu, mtu akihitimu akakosa kazi, huwa mnamtupia nani? Sisi tunamtupia shangazi. Ndiye mwenye nyumba ya vigae, ndiye mwenye kauli kwenye vikao vya ukoo, na ndiye aliyetazama vyeti viwili, changu na cha mdogo wangu, akavirudisha mezani kwa ncha ya kidole kama anasukuma sahani chafu. Mimi akasema nina mdomo. Mdogo wangu akamchukua.

Mdogo wangu tunamwita Injinia, cheo alichopewa na mama siku ya mahafali. Waajiri walikataa kumpa kingine, wakitaka experience ya miaka mitano kwa kijana aliyevua joho jana. Kwa shangazi hakuna aliyeuliza experience. Kazi ilikuwa kutunza tangi la samaki sebuleni, kula na kulala bure. Nyumbani tukashukuru, tena kwa sauti.

Nilimtembelea mchana mweupe, jua limeingia mpaka kwenye zulia. Tangi lenyewe la kioo, refu kuliko kochi. Injinia akanionyesha mitambo kwa fahari: maji ya juu hushuka kwa bomba hadi kwenye tangi dogo lililofichwa kabatini, yanachujwa humo, kisha pampu inayarudisha juu. Ikisimama hiyo, maji yanakosa hewa na samaki anakufa. Kwa hiyo pembeni yake ilikaa pampu ya pili, ya akiba. Waya wake ulikuwa umeviringwa, plagi inaning'inia hewani.

Nikamwambia huo ni ushamba. Pampu ya akiba unaiwasha pamoja na mwenzake ili siku ya siku isigome, huilazi mpaka igande. Injinia akacheka kidogo. Shangazi, akasema, hataki ichomekwe ukutani kabisa. Siku ya kwanza alimwamuru tu apige magoti, avute maji kwa mdomo kupitia mpira wa pampu ile mpaka yaanze kutembea. Funda moja likamteleza kooni.

"Lilikuwa la moto, dada," alisema. "Kama mate ya mtu."

Tangi zima lile lilikuwa na samaki mmoja. Mkubwa, mweupe kama maziwa yaliyochacha, amejibanza kwenye kona akinitazama. Nikamkodolea, maana mimi sikosi ugomvi hata na samaki. Akapepesa.

Samaki hana kope. Yule alikuwa nazo.

Umeme ukakatika.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Pampu ikanyamaza. Maji ya juu yakamalizia kushuka, kisha kimya, kama inavyotakiwa. Halafu yakaanza kupanda. Nikainama kabatini. Ile ya akiba ilikuwa inatetemeka. Plagi bado inaning'inia. Maji yalikwenda kwa mikupuo. Tu-tu. Kimya. Tu-tu.

Nikashika bomba. Lilikuwa linadunda.

Nikageuka kumwita Injinia. Amekaa chini, mgongo ukutani, midomo imepauka, macho wazi. Nikaweka kiganja kifuani kwake. Hakuna kitu. Nikakihamisha. Hakuna.

Nikauminya mpira ili maji yasimame. Akakabwa. Mishipa ya shingo ilimtoka, mikono ikatafuta kitu cha kushika. Nikauachia upesi. Tu-tu.

"Usimbane mwenzio, msomi." Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe chake, ananong'ona. "Mzee anavuta hewa."

Mzee ni mume wake. Tulishamzika huyo. Tulizika jeneza ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua.

Nikamwambia anunue betri, anunue jenereta, uwezo anao. Akajibu kwamba betri alishazijaribu, zinachoka mapema. Akamtazama mdogo wangu kama anayechagua nyanya sokoni. Vijana wamejaa majumbani, akasema, wamekaa tu.

Degree yangu ni ya lugha. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuitumia: nilimtukana kwa lugha zote nilizosomea, na moja ambayo sikusomea. Alikunywa chai yake mpaka nikamaliza.

Umeme ukarudi. Pampu kubwa ikanguruma, ya akiba ikatulia. Injinia akavuta pumzi ndefu, akaniuliza mbona ninalia. Hakukumbuka chochote. Nikamkokota hadi getini, nikitegemea kuzuiwa. Shangazi hakutufuata hata hatua.

"Mpeleke tu," alisema. "Kazi hii anaifanya hata akiwa kwenu."

Jioni mama alimvua shati. Kifuani pana alama nne za duara, nyekundu, kama zinazoachwa na vile vinyonyo vya mpira ambavyo pampu hujishikiza navyo kwenye kioo. Hazifutiki. Daktari kauliza kama tumekuja kumtania.

Na sasa kila umeme wa mtaa wa shangazi unapokatika, huku kwetu taa zinawaka, yeye anaishia katikati ya sentensi. Kijiko kinamponyoka. Shati linalowa kifuani. Maji yenyewe yananuka tangi.

Mtaniambia nikavunje kioo. Nilikwenda na nyundo, nikafika mpaka dirishani kwake. Nikakumbuka kwamba niliminya mpira tu, basi, na mtoto wa mama yangu akakosa pumzi mbele yangu. Nikarudi na nyundo yangu.

Kwa hiyo namalizana na ninyi wa ofisi ya umeme. Najua mtasema matengenezo. Mtasema hitilafu, mtasema we apologise for the inconvenience. Shikeni apology yenu. Kateni kwetu. Kateni kwangu mwaka mzima, nitakaa gizani nikisonya, simu zenu sitapiga. Lakini laini ya mtaa wa shangazi, ule wa mageti meusi, msiiguse. Kila mkizima Injinia anachelewa zaidi kuzinduka, na leo mmezima tangu asubuhi. Haya ninayaandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko kifuani kwake.

Hakuna kitu.

Aliyeko zamu, inuka kwenye hicho kiti. Washa.