Kiti cha Stesheni Masta

Bisha. Ndivyo Sadick anavyoanza, hata salamu yako hajaimaliza kuipokea. Bisha, sema fundi huyu muongo, cheka mpaka mbavu zikuume, halafu subiri jua likae utosini uone utatoka Relini kwa mguu gani. Kwa maneno hayo amekwisha kuwatimua wanaume wenye ndevu, hasa vijana wa Lindi mjini wanaokuja na pikipiki kupiga picha kwenye tangi la maji na kujifanya hawaogopi kitu.

Anasimulia akiwa ameegemea nguzo ya stesheni, randa mkononi. Shule aliiacha darasa la sita, na ukimuuliza sababu atakwambia walimu waliishiwa vya kumfundisha. Mlango wowote unaofunguka bila kulia hapa Relini ni wake, dirisha lolote lililonyooka ni lake, na kama mvua ikinyesha vizuri msimu huu msishangae akisema na hiyo alichangia.

Relini yenyewe, kwa asiyepajua, iko ukiiacha barabara kubwa kama unakwenda Nyangamara. Unapita mikorosho, mikorosho, mpaka unasema nimepotea, na ghafla unakuta mji uliopangwa kwa rula. Kota za mawe zimesimama mistari miwili. Kuna klabu ya wafanyakazi, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na stesheni yenye baraza refu kuliko msikiti wa Ijumaa. Kilichokosekana ni reli tu. Kampuni iliujenga mji huu kwa ajili ya treni iliyopanda kutoka bandari ya Mkwaya kwenda bara, na siku biashara ilipoiharibikia ikang'oa vyuma, ikang'oa mataruma yaliyovibeba, ikapakia mpaka misumari. Watu ndio haikuwapakia. Wakabaki kwenye baraza wakiangalia mahali njia ilipokuwa.

Mmoja wa waliozaliwa kwenye kota hizo ni Mzee Ridhiwani, ambaye baba yake alikuwa mtu wa kubadili njia za treni. Jina lake karibu limesahaulika, watu wote wanamwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye anayeiongoza kamati ya kuutunza mji. Yaliyokuwa mezani si madogo. Wageni wa Idara ya Mambo ya Kale walikuwa wanakuja kukagua. Wakiridhika, Relini inaandikwa urithi na hakuna wa kuigusa. Wasiporidhika, kota zinavunjwa mawe yaende kujengea kwingine, na wanaokaa humo watafute pa kwenda. Basi Mwenyekiti akampa Sadick kazi zote za mbao, na binti yake mwenyewe, Warda, akampa usafi wa stesheni.

Sasa Sadick na Warda. Sadick alikuwa amekwisha kupeleka posa nyumba ile na kurudishwa, akapeleka tena akarudishwa, na Mwenyekiti hakumficha: binti yangu amemaliza kidato cha nne, wewe hata cheti cha kupoteza huna. Kumbe baba anakataa, mtoto anacheka. Warda alikuwa akipiga deki huku akimchokoza kwamba milango anayotengeneza imenyooka kuliko maneno yake, naye Sadick anajibu mlango ukinyooka sana haufungi. Mambo yao yalikuwa hayo, wala hayakuwa na siri.

Kilichoanza kilikuwa kidogo mno. Warda alilalamika kwamba sakafu ya chumba cha abiria haikauki. Anadeki asubuhi, panakauka, ikifika adhuhuri panalowa tena, pale pale, chini ya benchi la ukutani. Sadick akajigamba kuwa ni tangi linavuja, akapanda juu na lami yake ya kuzibia, akakuta tangi kavu, popo wamezaliana humo. Akashuka, akachovya kidole kwenye yale maji, akaonja. Yalikuwa ya chumvi. Bahari iko mbali na Relini, hata upepo wake haufiki.

Akapangusa kidole kwenye suruali. Sadick, mtu wa kusema, akaishia kuokota randa yake.

Baadaye ikaja harufu. Mwani, ule mwani uliooza kwenye mawe maji yakishatoka, na ndani yake grisi iliyochomwa na chuma cha moto. Ilikuwa inaingia saa ya jua kali, wakati kuku wenyewe wamejificha na barabara haina mtu, ikikaa muda wa kama kukoka jiko, kisha inaondoka. Halafu ikaja honi. Mwanzo ilikuwa mbali sana, kama mtu anayepuliza chupa huko kwenye mikorosho, na kila aliyeisikia alisubiri mwenzake aseme wa kwanza ili yeye aseme hajasikia, lakini kila adhuhuri ilisogea, ikapita mto, ikapita makaburi ya wafanyakazi wa kampuni, mpaka mchana mmoja ikalia pale pale mbele ya baraza pasipo na reli wala treni, vioo vya madirisha ambavyo Sadick alivitia putti jana yake vikatetemeka, na Sadick aliyekuwa amelala chali chini ya dirisha akageuza shingo akamwona Warda amesimama kwenye ukingo wa baraza, ndoo mkononi, miguu inachuruzika maji ambayo hayakutoka kwenye ndoo, akiita kwa sauti nzito ya mwanamume aliyezoea kazi hiyo, bila haraka, jina baada ya jina, "Mkwaya... Ruo... Nachingwea...", na alipofika mwisho wa njia akaanza tena mwanzo.

Toka siku hiyo Warda hakuwa Warda. Alikuwa anaomba maji, akipewa anayatema, anasema hayana chumvi. Midomo ikamkauka ikafanya ukungu mweupe. Dawa za zahanati zilipita kama maji kwenye chekeche. Mwisho Mwenyekiti akasafiri mpaka Kilwa Kivinje, akarudi na Bi Kijakazi, mganga wa kike, mwembamba, mwenye miwani ya kusomea aliyoifunga na uzi.

Bi Kijakazi alilitambua jini kabla hajafungua mkoba. Akaeleza taratibu kwamba hili ni la bahari. Zamani lilipanda treni kule bandarini, kwa kutaka tu kuona bara pakoje, likifikiri litarudi na treni hiyo hiyo. Kabla halijarudi, kampuni ikang'oa reli. Miaka yote limekaa kwenye benchi la abiria likisubiri, na mji ulipokuwa gofu lilivumilia. Sasa limeona watu wanapaka rangi, wanafagia, wanatia vioo. Limedhani treni inarudi.

Akaulizwa linatolewaje. Alichojibu, Mwenyekiti alikiweka moyoni mwake, akatoka nje, akatembea peke yake mpaka kwenye tangi na kurudi.

Kesho yake akamwita Sadick. Wakati huo Sadick alikuwa na kazi moja kubwa: kiti cha stesheni masta, kile cha kale, kilichookotwa kwenye banda la kuku kikiwa na mguu mmoja na nusu. Wageni walikuwa wakitarajiwa kukiona. Alikuwa amekichongea miguu ya mninga, amekipiga msasa, amekilisha gundi, na alikuwa akikisemesha kama mtoto. Mwenyekiti akakizunguka, akakisifia, halafu akakaa chini kwenye vumbi la randa karibu na fundi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwanangu," alisema. "Ile posa yako nimeipokea."

Sadick aliweka msasa chini. Mahari wangeongea, mzee aliendelea, hilo si neno. Wewe sasa ni wa nyumbani. Alhamisi mchana tutasoma dua stesheni, ya kuisafisha nyumba na ya mwenzio apone, ukilete na kiti. Vaa kanzu nyeupe. Na tangu usiku wa kuamkia siku hiyo usitie chumvi mdomoni.

Unadhani aliuliza kwa nini? Mtu anayeoa haulizi. Alitembea kota zote, mlango kwa mlango, akiwatangazia kuwa Mwenyekiti mtarajiwa ni yeye, waanze kuzoea kumwamkia. Akala ugali mkavu bila mboga na kusema ni heshima ya wakwe.

Alhamisi jua lilisimama. Ndani ya chumba cha abiria ubani ulikuwa mzito, lakini mwani uliushinda. Warda alikuwa amelazwa kwenye jamvi, na maji yalikuwa yanapanda toka chini ya benchi bila kulia, yakizunguka jamvi, na upande wa pili Bi Kijakazi amefumba macho nyuma ya miwani yake. Mlangoni Sadick akamsikia bibi akiuliza kwa sauti ya chini, "Kiti kipo?"

"Kipo," Mwenyekiti alijibu. "Kinakuja."

Ndipo Sadick akaingia, kanzu inang'aa, kiti kichwani, akakitua katikati ya chumba kwa madaha.

"Kiti kimekubali?" Bi Kijakazi aliuliza, bado amefumba macho.

"Kimekubali, bibi. Gundi imeshika mpaka basi."

"Hakikulazimishwa?"

Sadick akacheka kidogo. Alisema mbao ukiilazimisha inapasuka, yeye hiki amekibembeleza. Mwenyekiti akaangalia ukutani. Bi Kijakazi akafungua macho, akamtazama kijana, akamtazama mzee, kama mtu anayetaka kuuliza tena, na honi ikalia kule kwenye mikorosho.

"Kaa, tuone kama kinabeba," Mwenyekiti alisema haraka.

Sadick akakaa. Na hapo ndipo, kwa jinsi anavyosimulia siku zote, Bi Kijakazi alipouliza mama wa kiti ni nani, na Mwenyekiti, bila kugeuza uso kutoka ukutani, akajibu, "Maimuna." Maimuna ni mama yake Sadick. Yupo Rasbura, kule Lindi mjini, anauza vitumbua.

Kwa waganga, kiti si mbao. Kiti ni mtu anayekaliwa na jini. Neno hilo kila mtu wa pwani analijua, isipokuwa aliyeshinda wiki nzima na msasa akifikiria kiti cha aina moja tu. Jini lililozoea safari haliachi mahali lilipokaa mpaka lipewe pengine, na pa kupewa lazima pawe pa nyumbani, tena pawe pameridhia. Ndiyo maana ya posa. Ndiyo maana ya chumvi, kwani anayejinyima anahesabiwa ameridhia. Sadick anasema alitaka kunyanyuka lakini magoti yalikuwa yameshaingia maji, akayasikia yakipanda kwenye mapaja, baridi, kifuani, shingoni, na harufu ya grisi ikamtoka yeye mwenyewe puani, na honi ikaja, ikaja, haikusimama nje kama siku zote bali ikaingia mlangoni ikamlilia ndani ya fuvu, na jambo la mwisho aliloliona kwa macho yake mwenyewe ni Warda anakaa kitako kwenye jamvi, anafuta chumvi midomoni, anauliza kwa sauti yake ya siku zote kwamba nani kamwaga maji hapa.

Warda alipona. Wageni walikuja, wakaridhika, Relini ikaandikwa urithi, na kwenye barabara kubwa pakasimikwa kibao. Kiti cha stesheni masta kimewekewa kamba na maandishi: Usikalie. Kuhusu posa, Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba sasa haiwezekani, jini likimsikia binti karibu litataka kurudi lilikotoka. Sadick mwenyewe ni mtu mzima, ataelewa. Warda ameolewa Kilwa Masoko. Siku ya kuondoka alipita kumshukuru. Alisema baba yake alimwambia jinsi Sadick alivyoombwa na jinsi alivyokubali bila kusita. Sadick akajibu ni kweli, mzee aliomba vizuri sana.

Hadithi huwa inaishia hapo. Wasikilizaji huangalia jua, hupiga pikipiki teke, hupotea.

Lakini juzi alibaki mmoja, Dadi, dereva wa bodaboda, mbishi kama yeye. Akamwuliza: wewe mtoto wa Rasbura, unayejua kila kitu, uliwezaje kuingia mkenge kama mtalii? Sadick alichezea randa. Alikuwa na muda mfupi, vivuli vilikuwa vimeshaingia chini ya miguu ya watu, na kwenye sakafu chini ya viatu vyake palikuwa pameanza kulowa.

"Kuna sehemu naiacha," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya majigambo. "Jina la mama lilitajwa kwanza. Kabla sijakaa."

Dadi akaiacha pikipiki yake, akasogea.

"Nilielewa pale pale. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nina mbio, unanijua. Nikamwangalia mzee anitazame hata mara moja, aseme mwanangu, nisaidie mtoto wangu. Ningekaa, Dadi. Wangeniomba tu, ningekaa. Akaangalia ukuta. Bibi naye akaangalia mkoba wake." Alijifuta midomo, ilikuwa imeanza kuwa myeupe. "Humo ndani aliyeniomba alikuwa mmoja. Jini lilifumbua macho ya Warda, likaniangalia mimi, si kile kiti. Likauliza kwa adabu, kama abiria aliyesimama njia nzima. Likasema, samahani kaka, hapa pana mtu?"

Mbali, kwenye mikorosho, kitu kikapuliza.

"Nikaliambia hapana mtu. Karibu ukae."