Sarafu Iliyofichwa Ngomeni

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, Kijiti alifuatana na mjomba wake, fundi redio, hadi kwenye magofu ya ngome nje ya mji. Mjomba alitangulia akipitisha kifaa chake cha kutafutia metali juu ya ardhi. Kikilia, Kijiti alichimba kwa mwiko wa uashi na kutaja alichopata, naye mjomba akaandika daftarini bila hata kugeuka. Sarafu zote za kale zilipelekwa makumbusho. Hayo ndiyo masharti ya ruhusa yao.

"Msumari!"

"Tena?"

"Mjomba, hii ngome ilijengwa kwa misumari mitupu?"

Mjomba akacheka. Kifaa kikalia tena, na safari hii mwiko ukafukua sarafu ya fedha. Kijiti akawakumbuka wanafunzi wenzake, wale waliomwita mwokota kutu. Jumatatu watamkoma! Akaichomeka ndani ya soksi.

"Kizibo cha soda!"

"Tupa huko," mjomba akasema, akaandika.

Ghafla vijana wawili wakaruka kutoka juu ya ukuta, kila mmoja na nondo yake. Walikuwa mtu na kaka yake, wakusanya vyuma chakavu.

"Mzee, toa sarafu. Tumeiona iking'aa."

"Wanangu, leo hatujapata sarafu. Mpwa wangu hasemi uongo. Naapa."

Nondo ikamshukia begani. Ya pili ikampata mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Kijiti alitaka kusema, lakini kwa hofu na aibu akaibana soksi yake kwa kiganja. Pigo la tatu likampasua mjomba kichwa. Damu ikamfumba jicho, naye bado anaapa.

"Mwacheni! Ninayo mimi!"

Akaitoa soksini, akaitupa mbali. Ndugu wale wakairukia kwa pamoja. Mkubwa akamkanyaga mdogo shingoni, mdogo akamng'ata mguu hadi akapiga yowe. Wafyatua matofali wa jirani wakaja mbio na makoleo yao, wakawakuta wangali wanaumana kwa mali isiyo yao. Wakawafunga kamba na kuwapeleka polisi. Sarafu ikaenda makumbusho.

Kwenye zahanati, muuguzi alimshona mjomba kichwa na kumfunga mkono. Kijiti alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Nisamehe, mjomba."

"Ulinyamaza mapigo mangapi?"

Kijiti angeweza kusema moja. Mjomba alikuwa na kizunguzungu, asingekumbuka.

"Matatu."

Mjomba akamvuta karibu kwa mkono ulio mzima.

"Umesema kweli, nami nimekusamehe. Lakini sikiliza, mwanangu. Mfupa huu utaunga. Mimi niliapa kwa neno lako, nikapigwa kwa neno lako. Anayekuamini hulipia uongo wako kabla yako wewe. Siku nyingine, ukweli wako usingoje mtu avuje damu."