Kipima Hewa cha Dirisha la Jikoni

Mimi Hasnija siogopi mwanaume yeyote hapa bondeni kwetu.

Ndiyo maana wahuni wawili walipovunja mlango, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya pipa la kabichi!

PAA! Nondo ikatua kichwani kwa Besim, mkwe wangu. Damu ikaruka mpaka kwenye jiko.

"Toa kile kipima hewa kinachosema kweli!"

"Sitoi!"

PAA tena!

Jamani, niwaeleze haraka haraka. Fikret, mwenye tanuri la mbao hapa karibu, anakausha mbao zake kwa kuchoma matairi. Mjukuu wangu Lejla akilala, kifua kinalia kama filimbi. Tukanunua vipima hewa vitatu vya bei chee, Besim akavitundika kando ya mtambo wa serikali wa kupimia hewa ili avilinganishe. Ukungu ulipoingia, viwili vikapagawa, vikahesabu ukungu kuwa moshi! Kimoja tu kilienda sawa na mtambo. Hicho ndicho ambacho baraza la mji lingekisikiliza, tanuri la Fikret lifungwe, Lejla apumue.

Basi mwenzake yule wa nondo, bila kuelekezwa, akakimbilia dirisha la jikoni moja kwa moja. Akaking'oa kipima hewa, akakikanyaga kikawa unga.

Hapo woga ukanitoka. Nikachomoka na mti wa kusukumia unga, nikamzaba yule wa nondo mdomoni. Meno mawili chini!

"Bibi kichaa huyu!"

"Njoo nikung'oe na yaliyobaki!"

Wakatimka, damu ikidondoka kwenye theluji...

Asubuhi nyumba ikajaa majirani. Shehe Ibro kwenye kochi na kahawa yake, Besim na bandeji yake. Akaingia Mersad, jirani wa ukuta mmoja, machozi yametangulia.

"Dada Hasnija, pole! Wamevunja kile cha kweli! Mtapeleka nini barazani?"

Besim akacheka huku kashika kichwa. "Cha kweli kiko darini. Mpaka sasa kinahesabu moshi."

Mersad akawa mweupe kama jibini.

Wapenzi, kifaa cha bei chee tulikipima ndipo tukakiamini. Jirani tulimwamini bure bure!

"Mersad," nikamwambia, "kwamba cha kweli ni cha jikoni nilikutajia wewe peke yako, tena kwa utani wangu tu. Fikret alijuaje?"

"Wallahi, tangu juzi sijamwona Fikret! Nashinda msikitini, namwombea Lejla dua!"

Shehe Ibro akaweka kikombe chini taratibu.

"Mersad, mwanangu... tangu juzi msikitini tuko mimi na paka."