Ruzuku Isiyogawiwa Mkononi

Kwa sababu ya kazi yake, watu walimwita Mama Povu. Kila asubuhi, watoto wakishakwenda shule, alifungua dirisha la jikoni na kukoroga sabuni kwenye ndoo. Mafuta aliyapima kwa kopo. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, aliikadiria kwa macho tu.

Siku moja mumewe, fundi viatu, alileta habari.

"Kile kituo cha kulea biashara kimepata ruzuku. Wahi, mama watoto. Na mkoba uwe mkubwa."

Mama Povu akawahi. Ndani ya mkoba mlikuwa na vipande vitatu vya sabuni. Mwalimu wa kituo, mwanamke aliyevaa koti jeupe, akamkaribisha kiti.

"Nimefuata ruzuku yangu," alisema Mama Povu.

"Hapa hatugawi fedha, dada."

"Sasa ruzuku ni ya nani?"

"Ni msaada usiorudishwa, lakini mfadhili amekipa kituo. Tumenunua mizani na mashine, tumeajiri walimu. Unajaza fomu bure. Ukichaguliwa, tunailea biashara yako mwaka mzima. Mtu akikudai chochote ili upate nafasi, huyo ni tapeli."

Mama Povu akainuka aondoke.

"Sabuni umeleta? Hebu tuipime," mwalimu alisema.

Akalowesha kipande kimoja, akakigusisha karatasi ya njano ya kupimia ukali wa sabuni. Karatasi ikageuka zambarau iliyokolea.

"Dada, sabuni hii inaunguza. Kostiki imezidi. Hakuna aliyelalamika?"

Mama Povu akamkumbuka wifi yake. Wifi huyo alikuwa dobi, na alifulia sabuni hiyo. Mikono yake ilikuwa imechubuka miezi miwili sasa, na Mama Povu alikuwa akimtania kuwa ana mikono ya bibi harusi, myekundu kama iliyopakwa hina.

"Ni mimi," alisema polepole. "Mimi ndiye ninayemuunguza."

Alijaza fomu. Hakusubiri majibu. Alasiri hiyo alipita nyumba kwa nyumba akikusanya sabuni zake. Kwa wifi yake alifika mwisho.

"Nisamehe, wifi. Kosa si mikono yako, ni sabuni yangu."

Wifi akaitazama mikono yake. "Na mimi nilivyokuwa nazidi kuisugua kwa sabuni hiyo hiyo, nikidhani ni uchafu wa nguo za watu unaoichubua."

Mama Povu alichaguliwa. Alijifunza kupima kila kitu kwa mizani, kuvaa glavu na miwani, na kutia kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Alijifunza pia kuiacha sabuni ikomae wiki nne kabla ya kuiuza. Karatasi ya mwalimu haikugeuka zambarau tena.

Siku ya kuuza, wateja walisimama mlangoni wakitazamana. Hakuna aliyetaka kuanza. Wifi akapenya katikati yao, akachukua kipande, akanawa mikono yake iliyopona, akaikausha na kungoja aone kama itamuwasha.

"Nipe vitano," alisema.

Wengine wakasogea.