Mstari Uliokataa Sifuri

Cherehani ya mama ilisimama, lakini meza iliendelea kutikisika. Mama hakuuliza kulikoni. Alijua ni goti la bintiye, lililokuwa likichezacheza chini ya meza tangu arudi shule.

"Sisimizi," alisema, pini mbili zikiwa mdomoni, "ukinipindishia mshono huu, sketi utaivaa wewe."

Walimwita Sisimizi kwa sababu hakujua kutulia. Alikuwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na fizikia ilikuwa imemnyima raha. Ijumaa kulikuwa na mtihani wa vitendo. Mwalimu alishasema, bila kupepesa macho, kwamba atakayeshindwa ataiacha fizikia na kuhamia mchepuo mwingine. Sisimizi alitaka kuwa fundi wa mitambo ya hospitali. Bila fizikia, hakuna mitambo.

Jaribio lenyewe halikuwa la ajabu. Unatundika springi, unaning'iniza jiwe la mizani, unalivuta kidogo na kuliachia. Linapanda na kushuka. Unahesabu mara ishirini huku saa ikienda, kisha unagawanya kwa ishirini upate muda wa mara moja. Muda huo unauzidisha kwa wenyewe. Unaongeza jiwe, unarudia. Mwisho unachora mstari unaolinganisha muda huo na uzito wa mawe. Kitabu kilisema mstari huo unaanzia kwenye sifuri. Wa Sisimizi ulikataa. Katika mazoezi alirudia jaribio mara nne, na mara zote nne mstari ulianzia juu kidogo ya sifuri.

Basi akafanya kama wenzake: akapika. Darasani kwao kupika kulikuwa mazoea. Unaanza na mstari unaoutaka, kisha unarudi nyuma kutunga namba za kuufuata. Mpishi mkuu alikuwa msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa Profesa. Alishagawa karatasi yenye namba za Ijumaa. Nakala moja ilikuwa mfukoni mwa Sisimizi, na ndiyo iliyokuwa ikilichezesha lile goti.

Alimweleza mama yote. Mama akatoa pini mdomoni.

"Mteja akiniambia kiuno chake ni inchi ishirini na nane, naandika ishirini na nane?"

"Hapana. Unapima."

"Nikikuta thelathini na nne?"

"Unaandika thelathini na nne, halafu unanyamaza."

"Haya. Nenda kwa shangazi yako wa mizani kabla hujanivunjia meza."

Shangazi huyo hakuwa wa damu. Alikuwa jirani yao, fundi wa mizani za sokoni, na kibanda chake kilijaa ndoano, sahani za bati na springi za kila unene. Sisimizi alimwamkia akiwa bado mlangoni.

"Marahaba. Kaa," alisema shangazi. "Najua hutakaa, lakini kaa."

Alisikiliza huku akifuta grisi vidoleni. Kisha akatundika springi kwenye msumari, bila jiwe.

"Hii ina mzigo?"

"Haina."

Shangazi akaivuta na kuiachia. Springi ikapanda na kushuka upesi upesi, peke yake.

"Inacheza, au imesimama?"

"Inacheza."

"Na kucheza huko kunachukua muda, au hakuchukui?"

 Goti la Sisimizi likatulia.

"Jiwe ni sifuri," alisema polepole, "lakini muda si sifuri."

"Kwa sababu springi nayo ina uzito wake. Inabeba jiwe, na inajibeba yenyewe. Kitabu chako kinaeleza springi isiyo na uzito. Hiyo mimi sijaiona, na nilianza kufungua mizani mama yako hajaolewa."

Walikaa pale mpaka shangazi akafunga kibanda. Alimfundisha kuandika kila kipimo papo hapo, kwa kalamu. Akikosea, apige mstari mmoja juu ya namba, asifute. Kila kipimo akirudie. Na jibu likitofautiana na la kitabu, asilirekebishe kwa siri. Aeleze sababu.

Kesho yake Sisimizi alimrudishia Profesa karatasi yake na kumweleza habari za springi tupu. Profesa alicheka. Alisema mtihani unataka jibu la kitabu, si la kibandani.

Ijumaa ikafika. Sisimizi alipoteza hesabu katika jiwe la kwanza. Akapiga mstari juu ya namba, akaanza upya. Akapima, akarudia, akachora. Mstari ukaanzia tena juu kidogo ya sifuri. Pembeni yake aliona wenzake wakiandika bila hata kugusa jiwe. Akatamani kufuta. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akaandika chini ya mchoro: "Mstari haupiti kwenye sifuri kwa sababu springi yenyewe ina uzito."

Jumatatu mwalimu aliingia na karatasi. Kumbe kila meza aliiwekea springi tofauti, nyingine laini, nyingine ngumu. Lakini karatasi kumi na moja zilikuwa na namba zilezile. Hao hawakupata hata alama moja, na walipewa wiki mbili wajiandae kurudia. Kisha akasoma kwa sauti sentensi ya Sisimizi na kumwambia kiti chake cha fizikia ni chake.

Nje ya darasa wale kumi na mmoja wakamzingira. Profesa ndiye aliyewasemea. Alidai kuwa sentensi ile iliwaanika wote, na kwamba mwenzao wa kweli angeandika kama wao, au angalau angenyamaza.

"Umetuaibisha," alisema. "Tuombe radhi."

"Nilikwambia Alhamisi," alisema Sisimizi. "Ukacheka."

"Tuombe radhi."

"Leo saa kumi nitakuwa kibandani kwa shangazi. Springi zipo, mawe yapo, saa ninayo. Anayetaka kujifunza aje, nitamwonyesha mpaka aelewe."

"Na radhi?"

Sisimizi alikuwa amesimama, magoti yote mawili yametulia.

"Siombi."