Shaba Yenye Ladha ya Mtu

Jumapili ile tulikaa mezani kwa binamu yangu Ruprecht Zeidler, hapa Nuremberg, kama tulivyozoea. Shemeji Irmtraud alikuwa ameoka bega la nguruwe, ngozi imekauka vizuri, na madonge ya viazi yakifuka mvuke. Ruprecht hakungoja tumalize. Alisukuma sahani pembeni, akaweka chungu kidogo cha udongo katikati ya meza.

"Nimevinunua kwa mjane mmoja kule Fürth, Bi Pröll. Vilikuwa chini ya sakafu ya jikoni kwake."

Hatukuhitaji kuuliza ni nini. Ruprecht alikuwa na ugonjwa wa vihesabio, vile visahani vyembamba vya shaba ya njano ambavyo wafanyabiashara wa zamani walivipanga mezani kufanyia hesabu. Havikuwa pesa. Mafundi wa mji wetu walivigonga, vikaenea Ulaya nzima, na Ruprecht alikuwa akitazama tu mchoro wa waridi, au wa tufe lenye msalaba juu, anakutajia jina la fundi.

Lakini hivi vilikuwa vimezama kwenye mafuta. Mafuta ya manjano, mazito, kama yanayogandia chini ya kikaango. Akachomoa kimoja kwa kidole. Maandishi hayakusomeka. Basi akafanya alichokuwa akifanya siku zote. Akakilamba.

"We Ruprecht!" shemeji alipiga kelele. "Tunakula!"

"Mate yanatoa uchafu kuliko sabuni, mke wangu." Alicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Akameza. Akakilamba tena, taratibu, amefumba macho.

"Waridi nimelitambua," akanong'ona. "Ila jina la fundi... hili sijawahi kuliona."

Nyama yangu sikuimaliza.

Siku chache baadaye Irmtraud alinipigia simu akilia. Nilimkuta Ruprecht ameketi dirishani, mchana kweupe, shavu limetuna kama la mtoto mwenye pipi. Kitu kilikuwa kinagonga meno yake. Nilipomsogelea, pumzi yake ilinirudisha nyuma. Ilinuka ngozi mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo.

"Tema," nikamwambia.

"Bado sijamjua fundi."

"Tema, binamu!"

Akafungua mdomo. Ulimi wake ulikuwa na utando wa manjano, na ndani ya utando nywele zimelala. Ndefu. Nyekundu. Ruprecht ana upara. Shemeji ana mvi.

Irmtraud alishika unywele mmoja kwa kitambaa, akavuta. Ukaja. Ukazidi kuja. Ruprecht akawa anaguna kwa raha, kama paka anayekunwa shingo.

Shemeji akamkaba taya, nami nikaingiza vidole nikakitoa kile kihesabio. Shaba ni ngumu. Hiki kilikuwa laini, kina uvuguvugu. Kilibonyea kama ufizi.

Tulibeba chungu mpaka Fürth. Bi Pröll alisimama mlangoni, hakutukaribisha ndani.

"Nilimwambia avioshe kwa maji, si kwa mate," alisema. "Akanijibu, mama, usinifundishe kazi."

"Vimetoka wapi hivi vitu?" Irmtraud aliuliza.

"Sijui. Marehemu mume wangu alisema vina ladha ya mtu."

"Mtu gani?"

Bi kizee alikitazama chungu. "Sikumuuliza, mwanangu. Nilikuwa nahangaika kumzuia asilambe sakafu."

Akafunga mlango.

Tulikwenda moja kwa moja kwa rafiki yangu Lorenz, anayeyeyusha shaba. Nikamsihi avitie vyote tanuruni mbele ya macho yetu. Vililegea. Vikatoa povu. Harufu iliyojaa karakana haikuwa ya chuma, ilikuwa ya mchuzi. Lorenz alikimbilia nje, akatapika ukutani.

"Mmeniletea nini, jamani?"

Irmtraud alikuwa ameziba pua na mdomo kwa mikono yote miwili.

Tuliporudi, Ruprecht alikuwa kwenye sakafu ya bafu, akili zimemrudia, analia na kuomba maji. Meno yake ya juu yote yalikuwa ndani ya sinki. Meupe. Hayana hata tone la damu.

Alipona. Mkusanyiko wake wote akaugawa bure, na hadi leo hataki kushika hata kitasa cha shaba. Ufizi ulipokauka, akaja kwangu, maana kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Nilimchunguza kinywa kwa taa. Kilikuwa safi, cha waridi, kitupu. Nikachukua alama ya taya la juu kwa ule udongo wetu laini, nikamwaga plasta ndani ya ile alama, nikaiacha igande iwe nakala ya kinywa chake.

Nilipoibandua, kaakaa halikuwa tupu.

Palikuwa na ulimi. Mdogo, mwembamba, na vinundu vyake vyote. Haukutokea kooni kama ndimi zetu. Ulikuwa umeingilia upande wa midomo, na ncha yake imeelekea kooni.

Niliivunja ile plasta kwa nyundo, nikachukua alama nyingine. Hii ilitoka safi. Ruprecht sikumwambia neno. Nilimtengenezea meno, akayavaa.

Anasema yanamkaa vizuri. Ila chakula, anasema, siku hizi kinafika kwake kikiwa tayari kimeisha ladha.