Ugali wa Wahenga Hautiwi Chumvi

Siku ya karamu ya wahenga, kijiji cha L'Esterre kisiwani Carriacou, katika Bahari ya Karibi, huamkia moshi. Wanawake hupika nje, wanaume huchinja, na Verlyn, kama kila mwaka, huteka maji na kuchochea kuni. Lakini mwaka huu nyanya yake, Bibi Euralia, alimkabidhi mwiko.

"Ugali wa wahenga ni wako leo. Chumvi usitie hata chembe."

Verlyn alivimba kwa fahari. Ugali huo huwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, ili wahenga wale kwanza. Alfajiri watoto huugombania.

Binamu yake Denzil akapita na mzigo wa kuni. "We Verlyn, mwaka jana Osna alipousonga tulimcheka mpaka akalia. Ugali kama chokaa! Kesho zamu yako."

"Nenda zako, mdomo kama ngoma!"

Alipoonja, kweli ulikuwa chapwa. Akatazama huku na huku, akachota konzi ya chumvi, akaitumbukiza. Wafu wana ulimi gani, alijisemea.

Jioni ngoma zilinyamaza. Bibi Euralia akamwaga maji ardhini, akainua sahani.

"Wazee wetu, mliletwa hapa kwa minyororo. Bwana shamba akawalisha samaki wa chumvi aliyeoza, mkachuma pamba juani na kiu kooni. Nani aliwauliza mnapenda nini? Hakuna! Sisi hatujasahau. Leo mnakula mtakacho nyinyi. Nawaapia, sahani hii..."

"Bibi, usiape!" Verlyn alipaza sauti. "Nimetia chumvi."

Watu wakaguna. "Na njaa yote hii!" alilalamika Mzee Cuthbert, mpiga ngoma, maana hakuna anayekula kabla ya wahenga.

Bibi aliiweka sahani chini polepole. "Kwa nini?"

"Niliogopa kuchekwa," alisema Verlyn, akimtupia jicho Denzil.

"Aha. Basi wanaocheka wenzao nao watafanya kazi. Denzil, kuni! Verlyn, sufuria nyingine. Ngoma zitasubiri."

Verlyn alisonga ugali upya mbele ya macho ya kijiji kizima, mikono ikimuuma.

"Angalia jasho lisidondokee humo," Denzil alimnong'oneza, akipuliza moto. "Nalo lina chumvi."

Verlyn akacheka, akajifuta kwa bega, akaendelea kusonga.

Ugali ulipoviringishwa, Bibi aliapa kwa sauti iliyofika baharini. Kisha akawageukia watoto.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Waliowafunga wazee wetu waliwadanganya maisha yao yote, wakauita uongo huo wema. Sisi hatuwadanganyi watu wetu, wawe hai, wawe wafu. Kuchekwa hakuui. Verlyn alikosa, akasema mwenyewe, akarudia kazi. Mkono kama huo ndio ninaoukabidhi mwiko, na mwakani pia."

Mzee Cuthbert akaipiga ngoma kwa nguvu zote.

Alfajiri watoto waliivamia meza. Denzil alitafuna, akakunja uso.

"Chapwa kabisa!" alisema, akanyoosha mkono kuchukua tonge jingine.